Koplo Gaudence Amezidiwa

Nathanaeli Ndahani hajawahi kushika bunduki, hata ile ya kupigia ndege, lakini mtaa wetu wote wa Kikuyu, hapa Dodoma, unamwita Kapteni. Akipita kijiweni, waendesha bodaboda wanampigia saluti, naye anairudisha kwa mkono ulioshika mfuko wa chipsi. Mgeni akiona hayo atadhani huyu bwana kapigana vita vikubwa. Na kweli kapigana, ila vita vyake vyote kavipigana ndani ya banda la mabati la Devota, amekaa kwenye kigoda, kipaza sauti mdomoni, pembeni ya runinga.

Kazi yake ni kutafsiri sinema. Picha inakuja na Kiingereza chake, yeye anaigeuza papo hapo watu wakiangalia. Kusema ukweli, hilo neno kutafsiri tunampa kwa heshima tu. Kiingereza chake kiliishia kidato cha nne, na hata huko hakikuagana naye vizuri. Anachokielewa anakisema, asichokielewa anakitunga, na ole wako umsahihishe mbele za watu! Atakutia ndani ya sinema hiyohiyo, akupe jina la mpishi mwoga, na utauawa mapema.

Ufundi huo hakuupata chuoni. Alizaliwa Buigiri, jirani na shule ya watoto wasioona, na utotoni rafiki zake wengi walikuwa wanafunzi wa pale. Mechi ikichezwa walimweka katikati yao pembeni ya uwanja, na yeye kazi yake ilikuwa kusema: nani ana mpira, nani kaanguka, nani kavua jezi. Wale walikuwa wakali kuliko marefa. Masikio yao yalikuwa yanasoma uwanja mzima. Ukisema goli na watu hawajapiga kelele, wanakucheka mpaka unatamani ardhi ipasuke. Mmoja wao, Sebastiani, alimpa sheria ambayo hakuisahau. "Wewe ndiye macho yetu," alimwambia. "Timu yetu ikifungwa, sema imefungwa. Kulia tutalia wenyewe."

Sasa tuje kwenye ile sinema, maana ndiyo iliyotutoa watu roho.

Ilikuwa sinema ndefu, ya sehemu nyingi. Inahusu watu waliohama hapa duniani wakaenda kuishi kwenye dunia nyingine huko mbali, dunia ya vumbi jekundu na miti ya miiba, yenye miezi miwili angani. Nathanaeli alipoiona mara ya kwanza akapiga paja. Akaibatiza dunia ile palepale Chamwino ya Juu, kwa jina la Chamwino yetu yenye Ikulu. "Ndugu watazamaji," akasema, "hata huko serikali imeshahamia, na viwanja vimeanza kugombaniwa!" Banda likavunjika mbavu. Kamanda akamwita Meja Mazengo, daktari wa kikosi akamwita Sista Flaviana, na kuanzia siku hiyo vita vya huko juu vikawa vita vyetu.

Adui wao, jamani, alikuwa adui wa kutisha watu wa Dodoma kuliko watu wa mji mwingine wowote. Yalikuwa mawe. Majabali makubwa meusi yaliyodondoka kutoka angani usiku mmoja, yakatulia kimya kwenye mashamba ya wale wahamiaji. Watu wakayazoea, wakaanika nguo juu yake. Halafu asubuhi moja majabali yakaanza kubingirika. Yakasaga nyumba, yakasaga ng'ombe, yakasaga watu. Risasi ziliyaparuza tu. Nawaambieni, siku ile tulipotoka bandani hakuna aliyetaka kutazama vilima vyetu na yale mawe yake yaliyopandiana. Faridi, yule Mrangi wa Kondoa anayetuletea sinema kwenye flashi, alitucheka mpaka akakohoa. "Wagogo bwana! Mmezaliwa juu ya mawe, leo mnayakimbia!" Lakini na yeye nilimwona akipita mbali na lile jiwe la njia panda.

Mama Gaudence hakuwa mtazamaji. Alikuwa anauza karanga mlangoni, na macho yake yalikuwa yamekwisha zamani kwa ugonjwa wa vikope. Alikwenda hospitali kope zikiwa zimeshakwangua mboni, wakati umepita. Siku za mwanzo alikaa nje na ungo wake. Kisha akawa anasogeza kigoda kidogokidogo, mara kizingitini, mara ndani, mpaka siku moja tukamkuta kwenye benchi la mbele na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Siku hiyo kikosi cha Meja Mazengo kilikuwa kimejificha pangoni, na koplo mmoja mrefu alikuwa anawachekesha wenzake ili wasisikie majabali yakipita nje. Koplo akacheka. Kicheko kile cha kwenye picha, cha mzungu mwenyewe, kikatokeza chini ya sauti ya Nathanaeli. Kilianza kwa kwikwi, kikapanda, kikakatika ghafla.

"Simamisha!" alisema Mama Gaudence.

Devota, mwenye banda, akasimamisha kwa mshituko. Watu wakaanza kunung'unika.

"Huyo anayecheka ni nani?"

"Ni koplo, Mama," alijibu Nathanaeli. "Hana jina. Sijampa bado."

Mama yule aliushika ungo mapajani kwa mikono yote miwili. Tukajua ana kitu. Mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Gaudence, mzaliwa wa kijiji cha Mvumi, aliyekwenda nchi za mbali na kampuni fulani ya ulinzi, kulinda visima vya mafuta jangwani, na kwamba alirudi ndani ya sanduku. Alikufa hajaoa, hajazaa. Na kwetu jina la mtu lisipopata mtoto wa kulibeba, linakaa hewani tu, halina pa kulala.

"Anacheka kama mwanangu," alisema. "Kapteni, nakuomba. Mpe hilo jina. Angalau huko lipate mtu."

Nani angekataa? Nathanaeli alisimama kabisa, akavua kofia, akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu watazamaji, kuanzia leo huyu ni Koplo Gaudence wa Mvumi." Watu wakapiga makofi. Hata Faridi, ambaye hutania kila kitu, akapiga makofi.

Basi kuanzia hapo ikawa ni sinema ya Gaudence. Meja Mazengo tukamsahau. Kila sehemu mpya ikija, swali ni moja: Gaudence yupo? Koplo akibeba majeruhi mgongoni, banda linasimama. Akicheka, tunanyamaza ili mama amsikie vizuri. Na yeye mama alibadilika, mnaona? Alianza kuvaa kitenge cha Jumapili akija. Alianza kujibu watu mtaani, "Gaudence hajambo, juzi kaponea chupuchupu." Wengine wakasema kachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alijua sinema ni sinema. Ila alikuwa amepata mahali ambapo mwanawe bado anatoka na kurudi, na hilo likivunjika sijui angebaki na nini.

Nathanaeli alilijua hilo, na lilimkaa moyoni. Kwa hiyo kila sehemu ilipoletwa aliitazama kwanza peke yake, asije akashtukizwa.

Isipokuwa ya mwisho.

Ya mwisho ilichelewa. Faridi alifika Jumapili mchana watu wametoka kanisani, banda limejaa mpaka wengine wamekaa chini, na flashi mkononi bado ina vumbi la safari. Devota akasema watu hawa hawangoji tena. Nathanaeli akamuuliza Faridi pembeni, "Umeiona?" Faridi akasema hajaiona, alikuwa na msiba wa shemeji yake huko Chemba. Nathanaeli akatazama benchi la mbele. Mama Gaudence alikuwa amekaa, kitenge cha Jumapili, ungo wa karanga miguuni, uso umeinuliwa. Akasema moyoni, haidhuru, koplo wa kuchekesha hauawi, kila mtu anajua. Akashika kipaza sauti.

Mungu wangu, ile sinema!

Majabali yalikuwa yamezunguka ngome ya mwisho ya Chamwino ya Juu. Wahamiaji waliobaki, wanawake na wazee, walikuwa wanapandishwa kwenye chombo cha kuwarudisha nyumbani. Koplo Gaudence akatoka peke yake kwenye uwanda, anapiga sufuria kwa kitako cha bunduki, anapiga kelele, anacheka, ili majabali yamfuate yeye yaache njia. Nathanaeli alikuwa amepandisha mori. "Njooni!" anayaambia majabali kwa niaba ya Koplo. "Njooni kwa mwana wa Mvumi! Mimi nimekua nikila mlenda, mtanifanya nini?" Banda linapiga miguu chini, mabati yanalia. Mama Gaudence anapiga makofi kama watu wengine. Na majabali yakamfuata kweli. Yakaacha njia, chombo kikawaka moto chini yake, kikaanza kupanda.

Kikapanda bila yeye.

Tuliona wote. Koplo aliangalia juu, akapunga mkono. Jiwe moja likampiga ubavuni likapita zake, akadondoka kwenye shimo. Na alipolala pale tukaona kwamba mwili ule hausimami tena. Damu ilikuwa inanywewa na lile vumbi jekundu.

Nathanaeli akanyamaza.

Hajawahi kunyamaza katikati ya sinema, tangu tumjue. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni na mdomo uko wazi, lakini hakitoki kitu. Aliyekuwa anatafuna karanga aliacha. Watu waliweka mikono vichwani. Msichana mmoja, Anitha, alijiziba mdomo kwa kanga. Hakuna aliyetazama runinga tena. Tulikuwa tunatazama kisogo cha mama yule kwenye benchi la mbele.

"Mbona kimya?" aliuliza.

Mimi nasema hivi: kama angetunga uongo wowote, hata wa kijinga, labda ungepita. Lakini mtu akishikwa na mshituko hatungi, anakimbilia yale aliyolelewa nayo. Na sisi tumelelewa kwamba msiba hauambiwi mtu ghafla, unapelekwa polepole, unazungushwa, unafunikwa.

"Mama," alisema, na sauti ikakwaruza kwenye spika, "Koplo Gaudence... amezidiwa."

Yesu na Maria! Nani asiyejua neno hilo? Ukipigiwa simu ukaambiwa baba amezidiwa, njoo nyumbani, si unaanza kulia hapohapo kituo cha basi? Devota alijipiga kibao usoni. Nathanaeli mwenyewe alilisikia likishatoka, akafumba macho.

Mama Gaudence akasimama. Ungo ukapinduka, karanga zikatawanyika chini na hakuna aliyeziokota.

"Amezidiwa," alisema taratibu. "Na wewe, Nathanaeli? Na wewe?"

"Mama, nisamehe..."

"Hivyohivyo walinipigia simu. Kijana amezidiwa. Nikauliza amezidiwa na nini? Wakasema njoo kwa kaka yako. Nafika, nasikia maturubai yanapigwa na upepo. Nikajua. Likaja sanduku, wakasema lisifunguliwe, njia ilikuwa ndefu. Nikasema basi, nitasikia kwenye historia ya marehemu. Nikakaa mbele kabisa pale kaburini nisikie. Wakasoma: marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alipata kipaimara, marehemu alifariki akiwa kazini. Wakakunja karatasi!" Sasa alikuwa anapaza sauti. "Akiwa kazini! Jamani, hata kuku akifa watu wanauliza kafaje. Waliolileta sanduku nikawauliza, nao hawajui, wamepewa tu walete. Miaka yote hii mwanangu anakufa kila siku namna tofauti, maana sijui ipi ndiyo. Leo unaniambia tena amezidiwa?"

Mzee Stanley, aliyekuja kutafuta kivuli tu, alikuwa analia waziwazi.

"Wa kwangu hawakunisimulia," alisema Mama Gaudence. "Huyu utanisimulia. Rudisha nyuma. Sema."

Devota akarudisha. Akapitiliza, akarudisha tena. Nathanaeli akaanza kusema, safari hii bila mbwembwe, bila mlenda wala mwana wa Mvumi. Akasema sufuria. Akasema mawe yanamfuata. Akasema chombo kinapanda, watu wako ndani salama, Koplo anapunga mkono. Akasema jiwe limempiga ubavu wa kushoto, ameanguka shimoni, amelala chali, macho yako wazi.

"Anaumia?"

"Anaumia, Mama. Anauma meno."

"Yuko na nani?"

Hapo ndipo penyewe. Devota, kutoka nyuma ya runinga, alikuwa anamwashiria Nathanaeli kwa mikono yote miwili: sema wenzake wapo! Sema Meja Mazengo kamshika mkono! Watu wote walikuwa wanatikisa vichwa kumsihi, na mimi nikiwemo, sijifichi. Ingemgharimu nini? Mama haoni. Uongo mmoja mdogo, naye akalale kwa amani.

Nathanaeli alitutazama, akarudi kutazama runinga. Baadaye aliniambia kwamba alisikia vile vicheko vya Buigiri, pembeni ya uwanja.

"Wenzake wameondoka," alisema. "Shimoni hakuna mtu."

Mama Gaudence alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Ngoja," alisema Nathanaeli. "Ngoja, Mama. Kuna kitu kinakuja."

Na hapo ndipo tulipogeuka wote kutazama, maana mwanzo sehemu hiyo hatukuiona, tulikuwa tunatazama kisogo cha mama. Jabali moja lilikuwa limerudi. Linabingirika polepole kuelekea shimoni. Watu wakaanza kupiga kelele, "Linamsaga! Linamsaga!" Faridi alisema, "Ewe Mola!" Jabali likafika ukingoni, likashuka. Likasimama. Halafu, haki ya Mungu, likafunguka. Ndani lilikuwa laini, la rangi ya maziwa ya ng'ombe. Katika sehemu zote zile, pamoja na vita vyote vile, hatukujua hata siku moja kwamba yale mawe yana ndani.

"Ni nini?" Mama Gaudence alifoka. "Sema!"

"Ni jabali, Mama. Ni adui. Limefunguka." Nathanaeli alikuwa anatafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani. "Limejikunja pembeni yake. Kuna upepo mkali wa vumbi, limekaa upande unakotoka upepo. Limemkinga."

"Halimuui?"

"Halimuui. Limekaa tu."

"Na yeye?"

"Ameligeukia. Ameweka mkono juu yake." Nathanaeli akapangusa uso kwa kofia. "Anacheka, Mama. Kidogo."

Tulinyamaza, na chini ya kelele za upepo wa kwenye spika kikasikika kile kicheko. Kwikwi. Kikapanda kidogo. Kikakatika.

"Amekufa," alisema Nathanaeli. "Jabali halijaondoka. Bado lipo."

Nimehudhuria misiba mingi, lakini mshituko wa namna ile sijawahi kuuona. Watu wazima tulikuwa tumesimama tunatazama jiwe, jiwe tulilolitukana matusi yote ya duniani, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake.

Mama Gaudence alipiga hatua moja kuelekea runinga.

"Kumbe hakufa peke yake," alisema.

"Hakufa peke yake, Mama."

"Kumbe." Akajifunga kitenge vizuri, akapangusa pua. "Basi ninyi mpo, na mimi nipo. Isomwe historia ya marehemu. Yote. Msinikunjie karatasi."

Karatasi haikuwepo. Nathanaeli alivua kofia, na sisi wote tuliokuwa tumevaa tukavua. Akaweka kipaza sauti chini, akasema kwa sauti yake ya kawaida. Marehemu Gaudence alizaliwa Mvumi, mtoto pekee wa kiume wa mama yake. Alikuwa mrefu, alipenda kucheka, kicheko chake kilianza kwa kwikwi. Alikwenda kufanya kazi mbali sana, mahali pa vumbi na upepo. Huko aliwapitisha wengine salama. Aliumia ubavu wa kushoto. Wenzake walikuwa wamekwishaondoka. Mmoja aliyekuwa adui alirudi, akamkinga upepo, akakaa naye mpaka mwisho. Marehemu alicheka kabla ya kukata roho. Ameacha mama.

Alipofika hapo sauti ilimwisha. Mzee Stanley akaimalizia kwa ajili yake.

"Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

"Jina la Bwana libarikiwe," tuliitika, banda zima. Kutoka mlangoni nikamsikia Faridi kwa sauti ya chini, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Anitha aliinama akaokota ungo, akamwekea mikononi. Mama Gaudence akaupangusa vumbi kwa kiganja, akatafuta fimbo yake pembeni ya benchi, akaipata. Watu wakasogeza magoti apite. Alipofika mlangoni aligeuza uso upande wetu, na nawaambieni ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Haya," alisema. "Endeleeni na vita yenu. Mimi naenda kuzika, halafu nipike mlenda."